Namna ya Kuyatoa Maji ya Hewani Kwenye Jeli kwa Mitetemo

Jeli yenye chumvi hufyonza mvuke wa hewani usiku kucha bila msaada wowote; ugumu huja pale unapotaka ikuachie maji hayo. Njia iliyozoeleka ni kuipasha joto, na kila lita inayovukizwa hula takriban kWh 0.68. Mwaka 2025 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, walionyesha njia nyingine: kuitetemesha jeli kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, yaani yanayozidi hezi 20,000, hadi maji yatoke yakiwa matone ndani ya dakika chache. Jaribio dogo la namna hiyo linaweza kufanyika katika maabara ya shule.

Koroga gramu 2 za alginati ya sodiamu katika mililita 100 za maji, uimimine kwenye sahani bapa kwa unene wa milimita 2, kisha uifunike taratibu kwa maji yenye kloridi ya kalsiamu, chumvi itakayoigandisha na kufyonza mvuke. (Alginati hutokana na mwani wa kahawia; mwani unaolimwa Zanzibar hutoa karajini, ambayo ni kitu kingine.) Ikishaganda, kata kipande cha ukubwa wa sarafu, ukikaushe, ukipime, kisha ukiache usiku mahali penye unyevu. Kikianza kudondosha maji chenyewe, chumvi imezidi.

Asubuhi kipime tena, ukilaze juu ya kisahani cha kauri chenye vitundu, kama kile kinachotoa ukungu katika mashine ndogo za kuongeza unyevu chumbani, na uweke chini yake chombo kilichopimwa, kilichozibwa pembeni ili ukungu usipeperuke. Washa kwa dakika 3. Usikiwashe kisahani kikiwa kitupu, kwani huharibika.

Hapa ndipo wengi hujidanganya: hupima jeli peke yake na kuhesabu kila gramu iliyopungua kuwa kazi ya mitetemo, ilhali kisahani nacho hupata moto. Pima maji yaliyo chomboni. Kisahani cha wati 2 hutumia jouli 360 kwa dakika 3, nishati ambayo, hata ingegeuka joto lote, ingevukiza takriban gramu 0.15 tu; ukikusanya zaidi ya hapo, mitetemo imefanya kazi ambayo joto hilo lisingeiweza.

Maji hayo yasinywewe. Mvuke huiacha chumvi nyuma, lakini tone lililorushwa huweza kuibeba: weka tone moja juu ya kioo, na likikataa kukauka kabisa hadi kesho yake, chumvi imo.