Kuendesha Duka la Zana za Uvuvi Tanga Wakati wa Kusi

Mpwa wangu alifungua duka la zana za uvuvi Sahare, Tanga, mwishoni mwa kaskazi, yaani msimu wa upepo wa kaskazini, na kusi, upepo wa kutoka kusini, ilipoanza kuvuma akaniambia kwamba anataka kulifunga hadi Oktoba. Nilimsihi asifunge, nikakaa naye wiki mbili dukani, na kazi tulizozifanya ni hizi.

Hatua ya 1: Panga saa za duka kwa kufuata mwezi. Upepo wa kusi ukikaza, hasa Juni na Julai, ngalawa nyingi hazitoki nje, lakini ndani ya ghuba kazi haikomi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana na watu wa pweza hushuka mwambani, kwa hiyo fungua alfajiri. Siku za maji mafu, ambapo maji hayapwi sana, fungua saa chache na ushughulikie ghala.

Hatua ya 2: Okoa ndoana. Chumvi inayotoka mikononi mwa wateja hunyonya unyevu wa hewa, na masika ikishapita utakuta kutu. Ndoana zilizoshikwashikwa zioshe kwa maji yasiyo na chumvi, zikaushe kabisa, kisha zipake mafuta ya cherehani kidogo sana na kuzifungia katika makopo yenye mfuniko wa kubana. Andika namba juu ya kila kopo, na umkumbushe msaidizi wako kwamba namba 7 ni kubwa kuliko namba 12.

Hatua ya 3: Pima nyavu zote upya. Hatua hii ilinipotezea siku nzima nilipoanza biashara, na baada ya hapo ikanipotezea mteja, kwa sababu nilipima jicho moja tu la wavu uliopoteza lebo, nikaandika inchi 3, na mvuvi akaurudisha akiwa na hasira ya haki, kwani ulikuwa wa inchi mbili na nusu.

Usipime jicho moja kamwe. Hesabu macho kumi yaliyofuatana, uyavute mpaka yafumbe, upime kutoka katikati ya fundo la kwanza hadi katikati ya fundo la mwisho, kisha ugawe kwa kumi: ukipata inchi 30, jicho ni inchi 3. Vuta upande ule ambao mafundo yanakaza. Rudia sehemu tatu tofauti za wavu, na majibu yakipishana, usiuandike chochote mpaka ujue sababu. Nailoni hubadilika urefu kidogo inapolowa, kwa hiyo wavu uliodondokewa na mvua uachwe ukauke kivulini kwanza. Nasema kivulini kwa sababu jua huila nailoni. Nguvu ya mkono wako asubuhi si ile ya jioni, basi ni bora kuning'iniza chubwi (uzito wa kuzamishia mshipi) ileile kila mara ili uvutaji uwe sawa. Tumia tepu ya chuma. Tepu ya fundi cherehani hunyumbuka, na mimi siiruhusu ghalani.

Unene wa uzi nao uandikwe. Katika 210/9, namba ya kwanza ni denieri, yaani kipimo cha unene, ya uzi mmoja mwembamba, na ya pili ni idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja, kwa hiyo 210/12 ni nene zaidi. Lebo ikiwa imepotea, linganisha na kipande ambacho unakijua. Andika yote kwa penseli juu ya kibao cha mbao na ukifunge kwenye wavu, kwa kuwa wino huchujuka na karatasi huliwa na mende.

Hatua ya 4: Madeni. Mvuvi asiyetoka baharini hana cha kulipa. Mwandikie deni, mkubaliane kiasi cha kulipa kila bamvua, na usimuongezee mkopo mwingine mpaka kaskazi.

Hatua ya 5: Agiza kabla ya maleleji, kipindi cha upepo kugeuka kati ya kusi na kaskazi. Oda iende Dar es Salaam mapema Septemba. Kabla ya kuituma, muonyeshe afisa uvuvi orodha ya nyavu, kwa maana kokoro (wavu wa kukokota) na nyavu za macho madogo kuliko kipimo kinachoruhusiwa hazifai kuingia dukani hata mteja akizililia. Tumekwisha kuona uvuvi haramu wa baruti ulivyoyavunja matumbawe yetu. Chubwi, minyororo na vitu vingine vizito vije kwa lori, na ndoana zije kwa basi zikiwa ndani ya makopo yaliyofungwa.