Somo: Kwenda PCCr na protini yako hata kama muundo bado haujapatikana

Wadau wa baiokemia, hasa nyie mnaofanya masters kwenye protini, somo hili ni lenu. PCCr ni kongamano la Afrika nzima la kristalografia (kutafuta muundo wa molekuli kwa kupiga eksirei fuwele zake), la kwanza lilifanyika Dschang kule Cameroon 2016, likaenda Accra 2019, afu 2023 likaja Nairobi, yaani mtu wa Arusha alikuwa anapanda basi tu. Ila likitangazwa utasikia oh mi sina muundo, oh fuwele zangu mbovu. Sasa kama fuwele ni mbovu si ndo uende, wanaojua kuzirekebisha wote wanakuwa ukumbi mmoja!

Hatua ya 1. Hakikisha ulichonacho ni protini, sio chumvi. Hapa ndo wengi wanaumbuka. Umechanganya maikrolita 1 ya protini na 1 ya kutoka kwenye kisima (kishimo cha sahani chenye myeyusho wa kukuzia fuwele), baada ya siku kadhaa unachungulia kwenye hadubini unakuta kitu kinameta, kona kali, kizuri balaa. Kabla hujapiga simu nyumbani angalia bafa yako (myeyusho unaoshikilia pH), kama kuna fosfati na umeweka kalsiamu au magnesiamu basi shaka iwe kubwa. Kama una fuwele nyingi itoe moja sadaka, iguse na ncha ya sindano: ya chumvi inagoma, ukikaza inapasuka kwa mlio, ya protini inasagika kirahisi maana karibu nusu ya ujazo wake ni maji. Piga picha ya tone kabla hujaligusa, utaihitaji kwenye posta (bango la kuonyesha kazi yako ukumbini).

Hatua ya 2. Andika ikisiri (abstract). Sentensi ya kwanza iseme protini inafanya nini na inatoka kwa kiumbe gani, ya pili umekwama wapi. Kama una data weka rezolusheni (undani wa data, kwa angstromu, namba ndogo ndo nzuri) na Rfree (modeli yako inavyopishana na data, nayo ndogo ndo nzuri). Kwa data ya angstromu 2, Rfree ya 0.23 hakuna atakayekusumbua, ikiwa 0.35 jiandae kuhojiwa. Na usiandike "matokeo yatajadiliwa", wachambuzi wanaichukia hiyo.

Hatua ya 3. Omba ufadhili siku hiyohiyo unayotuma ikisiri, soma tangazo mpaka chini. Barua ya msimamizi iombe mapema, maprofesa wetu mnawajua.

Hatua ya 4. Posta. Achana na mapicha ya riboni za rangirangi (protini imechorwa kama utepe) peke yake, kila mtu anayo. Mtu wa fani anaenda moja kwa moja kwenye jedwali la data, afu anatafuta ramani ya elektroni (data inavyoonyesha elektroni zilipo) pale unapodai ligandi, yaani molekuli ndogo inayoshikwa na protini, imekaa. Kama ramani haipo anahitimisha mwenyewe kwamba umeibandika tu hiyo ligandi. Kama huna data, weka picha za matone yako, mazuri na mabaya, na masharti ya kila moja: pH, PEG gani (polima inayosukuma protini itoke kwenye myeyusho), joto gani.

Hatua ya 5. Ukisimama kwenye posta usisubiri kuulizwa, uliza wewe. "Fuwele zangu zinaishia angstromu 7, nifanyeje?" ni swali linaloweza kukupa mtu wa kushirikiana naye.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, AlphaFold, ile AI inayobashiri muundo wa protini, si imeshamaliza hii kazi? Nobel wamepewa 2024.
Jibu: Imerahisisha, haijamaliza. Eksirei inakupa ukali wa madoa tu yanayotokea ikipita kwenye fuwele, fezi (mawimbi yamepishana kiasi gani) zinapotea na bila hizo hupati muundo, na siku hizi modeli ya AlphaFold ndo inatumika kuzipata. Ila kama unatafuta dawa unataka kuona yenyewe imekaaje ndani ya kimeng'enya, na ubashiri bado ni ubashiri.

Swali: Chuoni kwetu hakuna mashine ya eksirei, na sinkrotroni (mtambo mkubwa wa kutoa eksirei kali) Afrika nzima hakuna. Nafanyaje?
Jibu: Fuwele zinasafiri, dada. Unazinasa kwenye vitanzi vidogo, unazigandisha kwenye naitrojeni kimiminika, nyuzi -196, zinawekwa kwenye tangi la safari ambalo naitrojeni imenyonywa na kuta zake kwahiyo haimwagiki, zinaenda kwenye sinkrotroni za ESRF Grenoble, Ufaransa, au Diamond Uingereza. Muda wa mashine unaombwa kwa maandishi. Rahisi zaidi ni kuingia kwenye maombi ya kundi ambalo tayari lina muda, na watu wa namna hiyo ndo unakutana nao PCCr.

Swali: Mi sijawahi kukuza fuwele hata moja, naanzia wapi?
Jibu: Laisozaimu ya ute wa yai, kimeng'enya cha kwanza kabisa kujulikana muundo wake, London 1965. Bafa ya asetati pH 4.5, chumvi ya kawaida kama molari 1, protini miligramu 50 kwa mililita. Kesho yake asubuhi unaziona. Ukishazizoea ndo uhamie kwenye protini yako.

Swali: Posta nichapishe huku au nikifika?
Jibu: Huku, kwenye kitambaa. Unaikunja kama shuka unaitia kwenye begi, ya karatasi utagombana na watu wa ndege sababu ya lile bomba lake. Ila angalia kwanza kwenye tangazo kama bodi zao ni za wima au za kulala.