Bwawa lina kilo zake: upandikize sato wangapi?

Mzee mmoja wa Chanika alinipigia simu miezi saba baada ya kupandikiza samaki. "Bwana samaki, njoo uone mwenyewe. Chakula nanunua, maji naongeza, lakini hawa wamegoma kukua." Tukavuta wavu. Sato walijaa tele, ila kila mmoja anaenea kiganjani, kichwa kikubwa, mwili mwembamba. Bwawa lake lina mita 10 kwa 15. Alikuwa ameweka vifaranga 1,500, kwa kuwa aliyemuuzia alimwambia bwawa la ukubwa ule haliwezi kukaa tupu.

Muuzaji wa vifaranga hulipwa kwa idadi, wewe utalipwa kwa kilo. Na kilo hizo bwawa lenyewe ndilo linalozipanga. Bwawa la udongo lisilo na mashine ya hewa, likilishwa chakula kamili, hubeba takriban nusu kilo ya samaki kwa kila mita ya mraba. Likitegemea samadi na pumba tu, hubeba pungufu sana ya hapo. La mzee, lenye mita za mraba 150, lina uwezo wa kama kilo 75. Zigawe kwa samaki 300, kila mmoja anapata gramu 250. Zigawe kwa 1,500, kila mmoja anapata gramu 50. Mzani wa mwisho ni ule ule, lakini mama lishe hawezi kumpangia mteja sahani ya ugali na samaki wa gramu 50.

Kwa hiyo hesabu ianzie sokoni. Ukilenga samaki wanne kwa kilo, chukua eneo la maji (pima pale maji yanapofika, si ukingo wa nje wa tuta), lipige nusu upate kilo, kisha zidisha kwa nne. Ongeza mmoja kwa kila kumi wa kufidia watakaokufa au kuliwa na ndege. Mzee angeweka 330 hivi. Kwa mabwawa mengi ya kwetu jibu huangukia vifaranga wawili kwa mita ya mraba. Weka watatu kama una maji ya kubadilisha mara kwa mara au mteja wako anakubali samaki mdogo kidogo.

Kinachowabana samaki waliosongamana si nafasi ya kuogelea, ni hewa. Mchana ukijani wa majini, yaani vimea vidogo sana vinavyoyapa maji rangi ya kijani, hutengeneza oksijeni. Usiku jua halipo, na kila kilicho hai humo ndani, ukijani wenyewe ukiwamo, kinaivuta. Ndiyo maana hali huwa mbaya zaidi kabla ya jua kuchomoza, na mbaya kupita kiasi baada ya siku ya mawingu ya masika. Oksijeni ikiwa juu ya miligramu 5 kwa lita, sato anakula na kukua. Ikishuka chini ya 3, hamu ya kula inamtoka. Mfugaji akiona hawakui, anaongeza chakula. Hakiliwi, kinaoza chini, kinazidi kumaliza hewa na kuzalisha amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Mzee alikuwa amefika hapo.

Huhitaji kifaa kujua. Nenda bwawani alfajiri. Ukikuta midomo imejipanga juu ya maji, wamezidi au maji yamechoka: ingiza maji mapya na usiwalishe mpaka jua lipande. Siku za kawaida lisha saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Halafu zamisha mkono hadi kiwiko. Kiganja kisipoonekana kabisa, ukijani umezidi, acha samadi.

Kigamboni, ambako mchanga haushiki maji, watu wanatandika nailoni au kujenga karo la zege, na kwa kuwa limegharimu, wanataka lijazwe. Ukiweka mashine ya hewa unaweza kweli kupandikiza wengi zaidi. Lakini jiulize umeme ukikatika saa nane usiku itakuwaje. Samaki waliojaa wanaweza kufa kabla hujaamka. Bila jenereta, mimi nisingethubutu. Na kama unajaza kwa maji ya bomba, yaache yakae siku mbili kwenye tangi wazi klorini itoke.

Kambale ana hesabu yake. Yeye huvuta hewa ya juu, hivyo huvumilia msongamano kuliko sato, ila wakitofautiana ukubwa wanakulana. Watenge kila baada ya wiki chache.

Kuna msongamano mwingine ambao hukuununua. Sato jike huanza kutaga akiwa bado mdogo, akiwa na miezi mitatu hivi, na bwawa ulilopandikiza kwa hesabu nzuri linajaa watoto usiowajua. Tafuta vifaranga dume watupu kutoka kwa mzalishaji unayemwamini, na ukianza kuona vitoto pembezoni, vivue mapema.

Kwa mzee tulipunguza. Tulibakiza 350 waliokuwa wakubwa kuliko wenzao, wengine wakawa kitoweo cha mtaa kwa bei ya chini. Sato aliyedumaa kwa msongamano huanza tena kukua akipata hewa na chakula, nao walianza. Sasa kila mwezi anavua 30, anawapima pamoja kwenye ndoo, anagawanya, anazidisha kwa idadi yote, kisha analisha kilo 3 za chakula kwa siku kwa kila kilo 100 za samaki.

Vifaranga wa awamu ijayo amesema atawahesabu mwenyewe, mmoja mmoja, kabla hajalipa.