Kuongeza Kihisi cha Mwanga kwenye Mchezo wa Simon Says

Seti ya Simon Says ya kampuni ya vifaa vya elektroniki ya SparkFun, mchezo wa kukumbuka mfululizo wa taa na kuurudia kwa kubonyeza vitufe, ambayo mnunuzi huilehemu mwenyewe, huendeshwa na chipu ya ATmega328P, aina ile ile inayotumika katika Arduino Uno R3, bodi ndogo ya kujifunzia kuandika programu za vifaa, kwa hiyo inaweza kuandikiwa programu mpya. Hapa kitufe kimoja kitapisha kihisi cha mwanga, na mchezaji atajibu kwa kukifunika kwa kiganja.

Toa betri kwanza. Unganisha kihisi, yaani rezista inayobadilika kwa mwanga, kati ya umeme chanya na mguu namba 23 wa chipu, ambao Arduino huuita A0; kisha, kutoka mguu huo huo, lehemu rezista ya kilo-omu 10 hadi kwenye hasi. Miguu ya chipu imekaribiana, hivyo tumia pasi ya kulehemu yenye ncha nyembamba.

Katika programu, amri ya kusoma kihisi, analogRead(A0), hutoa thamani kati ya 0 na 1023, nayo hushuka kihisi kinapofunikwa. Usiweke kikomo cha kudumu cha kuamua kama kimefunikwa, kwani mwanga wa dirishani na wa taa hafifu haulingani: mchezo unapowashwa, soma mara kadhaa na utafute wastani, kisha uhesabu kuwa kimefunikwa thamani inaposhuka chini ya asilimia 60 ya wastani huo, na kuwa kimeachwa inapopanda juu ya asilimia 75. Pengo hilo, kwa maoni yangu, ni muhimu kuliko lehemu nadhifu, maana bila hilo kivuli kinachotikisika huhesabiwa mara nyingi.

Pakia programu kutoka kwenye kompyuta kwa adapta ya USB ya volti 3.3.