Kuufanya Upepo Uonekane Ndani ya Handaki la Majaribio

Mwalimu wa fizikia wa Tabora anayetaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi upepo unavyoezua mabati anaweza kuunda handaki dogo la upepo, yaani sanduku refu la plaiwudi linalopitisha hewa, lenye kioo ubavuni. Feni iwekwe upande wa kutokea ili ivute hewa, kwa sababu feni inayosukuma huifikisha hewa kwenye modeli, yaani nyumba ndogo ya mfano iliyowekwa ndani, ikiwa tayari inazunguka. Mdomoni ipangwe mirija ya soda, ikibanana kama sega la nyuki, ili kuunyoosha mkondo.

Nashauri kuanza na nyuzi, kwani ndizo zinazofundisha mengi kwa gharama ndogo. Kata vipande vifupi vya uzi mwembamba wa pamba, kisha ubandike ncha moja ya kila kipande juu ya paa la modeli kwa gundi kidogo sana. Uzi unaolala kwa utulivu unaonyesha kuwa hewa imeshikamana na paa. Unaotapatapa, au kugeukia upepo unakotoka, unaonyesha kuwa hewa imebanduka, jambo ambalo aghalabu hutokea nyuma tu ya ukingo mkali. Uzi mzito haufai, maana hutii uzito wake kuliko hewa.

Moshi huonyesha yaliyo mbali na uso wa modeli. Étienne-Jules Marey, mwanafiziolojia wa Ufaransa, alipiga picha za mistari ya moshi kwa mashine ambayo mwaka 1901 ilikuwa na mifereji 57. Kwa darasa, udi uliowekwa mbele ya mirija unatosha, mradi mwendo wa hewa uwe mdogo, la sivyo moshi utatawanyika. Mistari myembamba zaidi hupatikana kwa waya wa nikromu (aloi ya nikeli na kromi) wa milimita 0.1, uliosimamishwa wima, ukapakwa mafuta mazito ya parafini (si mafuta ya taa) na kupashwa moto kwa umeme kwa muda mfupi. Lakini hewa ikizidi takriban mita 5 kwa sekunde, waya wenyewe huanza kuzalisha vizingia, yaani mizunguko midogo ya hewa. Paka ukuta wa nyuma rangi nyeusi na umulike kutoka juu au ubavuni, kamwe si kutoka kwenye kamera.

Ukihitaji alama zinazobaki, paka modeli nyeusi kaolini (udongo mweupe laini) iliyochanganywa na mafuta ya taa, madirisha yakiwa wazi, pasipo udi wala waya wa moto karibu. Usizime feni kabla mafuta hayajakauka, kwani mchanganyiko mbichi utateremka na kuifuta michirizi iliyochorwa na hewa.