Kuirithi 6502: adapta ya W65C02S kwa kompyuta kongwe

Prosesa ya VIC-20, Apple II au BBC Micro ikifa, kutafuta 6502 halisi ni bahati nasibu. W65C02S, mrithi wake, bado inatengenezwa, ina miguu 40 ileile, na karibu yote iko mahali pake. Hiyo "karibu" ndiyo inayounguza chipu. Ya kwanza niliichomeka moja kwa moja kwenye soketi. Baada ya sekunde chache kidole hakikukalika juu yake.

Kosa lilikuwa mguu wa 1. Kwenye 6502 ni ardhi. Kwenye W65C02S ni VPB, ishara inayotoka, na karibu muda wote iko juu. Ubao mama unaivuta chini, chipu inaisukuma juu, na vita hiyo huzaa joto tu. Dawa ni adapta: ubao mdogo unaokaa kati ya chipu na soketi ya mashine.

(Commodore 64 haimo humu. 6510 yake ina mlango wa ziada wa kuingiza na kutoa ishara, na miguu imepangwa tofauti.)

Hatua ya 1: Pini

Tafuta ubao wa matundu wenye mistari ya shaba, soketi ya miguu 40 na safu mbili za pini za mviringo. Pini za mraba ziache kabisa: ni nene, hupanua midomo ya soketi kongwe, na siku ukirudisha chipu ya zamani itacheza.

Chomeka pini kwenye bredibodi kuukuu, safu zikiachana milimita 15.24, kisha laza ubao juu yake, mistari ya shaba ikikatiza kutoka safu hadi safu. Bredibodi inazinyoosha pini wakati plastiki inayozishika inalainika kwa joto. Zilehemu kabla ya soketi, maana soketi inakaa tundu moja pembeni na itafunika safu moja.

Hatua ya 2: Kukata na kuunga

Kata kila mstari katikati, la sivyo mguu wa 1 utaungana na wa 40, wa 2 na wa 39, na kuendelea. Halafu:

- Mguu wa 1: kata kati ya pini na soketi, usiunge popote. Ardhi ya mguu wa 21 inatosha.
- Mguu wa 2 (RDY): kata, weka rezista ya kilo-om 1 katikati. Amri ya WAI (ya kusubiri) huuvuta mguu huu chini kutoka ndani ya chipu.
- Mguu wa 36 (BE): kata, uvute volti 5 kwa kilo-om 4.7. Ukiuacha unaning'inia, chipu inaweza kuziachia njia za data na anwani wakati wowote.
- Mguu wa 38: uvute juu vilevile, bila kukata.
- Kapasita ya nanofaradi 100 kati ya 8 na 21, waya mfupi iwezekanavyo.

Miguu ya data, 26 hadi 33, nayo naipa kilo-om 4.7 kwenda volti 5. Chipu hii ni ya aina ya CMOS, inataka volti 3.5 ndipo ikubali kuwa ni 1. Chipu za zamani za aina ya TTL zinaahidi 2.4 tu. Mashine nyingine hufanya kazi bila rezista hizi, lakini zikigoma utahangaika siku nzima.

Hatua ya 3: Jaribu nje ya mashine

Pima kwa mita kwamba 8 na 21 hazina shoti. Weka adapta kwenye bredibodi safi, peleka miguu ya data 29, 31 na 33 ardhini na mitano iliyobaki volti 5, kila mmoja kwa rezista yake ya kilo-om 1. Rezista za adapta zisikusumbue, hizi zinazishinda. Hiyo ni namba $EA, yaani NOP, amri ya kutofanya chochote. Vuta 2, 4, 6 na 40 juu kwa rezista, ingiza mapigo ya megahezi 1 kwenye 37, kisha gusisha 40 ardhini mara moja na uachie.

Prosesa itakimbia anwani zote bila kufanya kitu. Unga LED na rezista kwenye mguu wa 25, yaani A15: ikimeta kati ya mara saba na nane kwa sekunde, chipu ni nzima. Isipometa, angalia 36 kwanza.

Hatua ya 4: Ndani

Linganisha pengo dogo la kwenye ncha ya chipu na alama ya ubao mama, chomeka, washa.

Skrini ikija lakini mchezo fulani ukaganda, usirudi kwenye kulehemu. Baadhi ya michezo hutumia amri zisizo rasmi za 6502, na W65C02S haizijui. Mojawapo, $DB, kwake ni STP: inasimama papo hapo hadi ubonyeze riseti.