Namna ya Kuchagua Neno la Kumtaja Aliyejitoa

Anayeombwa kuandika hotuba ya kumuaga mwalimu anayestaafu, maneno ya kuchonga kwenye jiwe la kisima au tabaruku ya kitabu, yaani maneno ya kumtunukia mtu kitabu, mara nyingi hushika neno lililo karibu, yaani kujitolea, akalitumia kila mahali. Kabla ya kuandika, jiulize mambo mawili: ni nini kilichotolewa, na kimetolewa kwa ajili ya nani.

Ikiwa unazungumzia kazi, kujituma ni kufanya bila kusukumwa, na bidii ni juhudi yenyewe. Kujitolea siku hizi hueleweka zaidi kuwa ni kufanya kazi bila ujira. Kwa hiyo ukiandika kwamba muuguzi wa Tanga aliyelipwa mshahara hadi kustaafu "alifanya kazi ya kujitolea", msomaji atadhani hakuwa na ajira. Andika kwamba alijituma, na kama alitumia hata fedha zake kuwasaidia wagonjwa, andika kwamba aliwasaidia kwa hali na mali. Kujifunga kibwebwe kunapendeza hotubani, si kwenye jiwe.

Neno linalohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote ni wakfu. Bagamoyo, ambako mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni mwaka 1868 na ambako Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Ramiya, aliongoza tarika ya Kadiria, mojawapo ya njia za Kisufi, watu wa dini zote mbili hulitumia, lakini kwa namna tofauti. Kwa Waislamu, wakfu ni mali, kama vile msikiti, nyumba au shamba la minazi, ambayo asili yake haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi, bali manufaa yake ndiyo yanayotumika kwa heri iliyokusudiwa. Wakristo hulitumia pia kwa watu, ndiyo maana askofu huwekwa wakfu. Basi usichonge "wakfu" kwenye kisima kabla mwenye kisima hajatamka kwamba amekiweka wakfu, kwa kuwa neno hilo linagusa haki za warithi wake; akitaka tu watu wateke bure kwa ajili ya Mungu, sabili inatosha, nayo ni neno zuri ambalo ningependa lisipotee.

Vivyo hivyo, kusema kwamba mwalimu wa madrasa "alijiweka wakfu" kutawashangaza wanafunzi wake. Sema alisabilia maisha yake kufundisha. Ikhlasi nayo, yaani unyofu wa nia, ni jambo la moyoni ambalo Mungu ndiye alijuaye, kwa hiyo ni adabu zaidi kumwombea akubaliwe kuliko kuthibitisha kwamba alikuwa nayo.

Nadhiri ni ahadi iliyofungwa mbele ya Mungu, iwe ya mtawa wa Kikatoliki anayeahidi ufukara, useja na utii, au ya Mwislamu aliyeahidi kufunga iwapo mgonjwa wake atapona. Ahadi ya ofisini si nadhiri.

Tabaruku kwa Wakatoliki huhusu pia kanisa au altare, na kwa Waislamu hubeba maana ya kutafuta baraka. Katika kitabu ni ukurasa wa kumtunukia mtu kazi yako. Iwe fupi, ianze na "Kwa", imtaje mhusika kwa jina au udugu, kisha itaje jambo moja tu alilolifanya: "Kwa mama, aliyenisomesha kwa kuuza vitumbua." Waliochapa na kuhariri waachie ukurasa wa shukrani.